Moto wa Bandarini: Kumbukumbu ya Vilabu vya Wavuvi wa Gloucester



Katika miji yetu, neno nganda hutufikirisha mahali pa kuketi jioni: chupa baridi, samaki wa kuchoma, muziki, na sauti za watu waliomaliza kazi. Wachache hukumbuka kwamba neno hilo, lililotujia kwa njia ya Kilingala, lilitaja kwanza kambi ya wavuvi kandokando ya mto. Hapo watu wa nyavu na makasia walijenga vibanda, wakakausha samaki, wakaota moto na kupashana habari kabla ya kurudi majini. Nganda ya mjini ni mtoto wa nganda ya mtoni. Ukoo huo umesahauliwa, lakini lugha imeutunza.

Nimeanza na neno hili kwa sababu linatufungulia mlango wa mahali pa mbali sana, ambapo historia hiyohiyo imeandikwa kwa urefu: mji wa wavuvi uitwao Gloucester, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Huko nako wazee huzungumza kwa upole juu ya vilabu vya zamani vya bandarini, vingi vikiwa vimekwisha kufungwa. Wanavitaja kama mtu anavyomtaja jirani aliyefariki. Tujiulize wanaomboleza nini hasa. Je, ni pombe? Na je, kumbukumbu tamu kama hiyo yaweza kuaminiwa yote? Maswali haya yanatuhusu sisi pia, kwa maana hakuna mtaa wetu usio na nganda yake, na hakuna parokia isiyo na familia iliyonufaika nayo au kuumizwa nayo.

Mji juu ya miamba

Gloucester iko kama kilomita 50 kaskazini-mashariki ya Boston, juu ya rasi yenye miamba mingi. Wavuvi wa kwanza kutoka Uingereza walitia nanga huko mwaka 1623. Ardhi haikuwapa mengi, kwa kuwa jembe liligonga jiwe kila lilipoinuliwa. Lakini bahari ilijaa samaki mnene wa maji ya baridi ambaye Wafaransa humwita morue. Samaki huyo sisi tunamfahamu kwa sura nyingine: akipasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa, ndiye makayabu ya masoko yetu.

Kwa karne tatu mji mzima uliishi kwa samaki huyo na ndugu zake. Majahazi ya milingoti miwili yalisafiri hadi maeneo ya bahari yenye kina kifupi yaitwayo Georges Bank, na mbali zaidi hadi Grand Banks, karibu na kisiwa cha Newfoundland. Katika karne ya 19 ulienea mtindo mpya wa uvuvi. Jahazi lilibeba mashua ndogo za mbao zenye chini bapa, ziitwazo dory, zikiwa zimepangwa sitahani moja ndani ya nyingine kama mabakuli. Kila asubuhi zilishushwa baharini, watu wawili katika kila mashua, nao wakatandaza kamba ndefu yenye mamia ya ndoana. Ukungu ukishuka, au theluji ikianza kuvuma, watu wawili wangeweza kupotea milele wakiwa umbali mfupi tu kutoka kwenye jahazi lao.

Nao walipotea kwa wingi. Katika dhoruba moja ya usiku wa Februari 1862, juu ya Georges Bank, Gloucester ilipoteza majahazi 15 na watu 120. Leo, kando ya bandari, imesimama sanamu ya shaba ya mvuvi aliyeshika usukani, iliyowekwa mwaka 1925, na mbele yake kuna majina ya watu zaidi ya 5,300 waliomezwa na bahari. Kwa mji mdogo, hesabu hiyo ina maana kwamba hakuna nyumba ambayo kifo hakikubisha hodi.

Tusipoliweka jambo hili mbele, hatutaelewa kilabu kilikuwa nini.

Chumba chenye jiko

Tangu siku za wakoloni, nyumba ya kuuzia vinywaji haikuhesabiwa kuwa jambo la aibu huko Massachusetts. Sheria yenyewe iliitaka miji iwe na nyumba ya kupokea wageni, ambako msafiri angepata chakula, kinywaji na malazi. Gloucester ingali na jengo la mwaka 1710 lililojengwa kwa ajili ya mchungaji wa mji, kisha baadaye likageuka kilabu mikononi mwa wamiliki wengine. Chumba ambamo hotuba za Jumapili zilikuwa zimetayarishwa kikawa chumba cha vikombe na mazungumzo. Kwa watu wa wakati ule, badiliko hilo halikuwa la ajabu kama linavyoonekana kwetu, maana ilikuwa desturi wakuu wa mji kukutana katika nyumba za namna hiyo kuamua mambo ya barabara, mipaka na kodi.

Bandari ilipokua katika karne ya 19, vilabu viliongezeka kwenye barabara kuu na katika vichochoro vya kushukia gatini. Fikirini mvuvi kijana anayerudi baada ya majuma mengi baharini. Huenda si mzaliwa wa mji. Wengi walitoka Nova Scotia na Newfoundland, wengine Ireland, wengine visiwa vya Azores vya Ureno, na baadaye wengi wakatoka Sisilia. Hana mke wala jamaa hapo. Chumba alichopanga ni cha baridi. Mkononi ana fedha za fungu lake, kwa kuwa wavuvi hawakulipwa mshahara: mapato ya safari yaligawanywa mafungu baada ya kuondoa gharama, na safari mbaya iliweza kumwacha mtu bila kitu. Aende wapi?

Huenda kilabuni. Humo mna jiko la makaa linalowaka. Humo nahodha anayetafuta watu wa safari ijayo hupita na kutazama nyuso. Humo mtu asiyejua kusoma husomewa barua kutoka kwao. Humo habari hufika mapema kuliko gazetini: jahazi fulani limeonekana, jahazi fulani halijaonekana. Na mtu anapokosa kurudi, humo ndimo jina lake linapotamkwa na watu waliomjua kwa uso na si kwa hesabu. Mjane alikuwa na kanisa la kulilia. Rafiki wa mashua, ambaye mara nyingi hakuwa na la kusema kanisani, alikuwa na pembe ya kaunta.

Hicho ndicho wazee wanachokumbuka kwa huzuni tamu. Ladha ya kinywaji huisahau upesi. Wanachokumbuka ni kwamba mlango ukifunguliwa, kila mtu aligeuza shingo kuona ni nani aliyerudi.

Chumvi na ramu

Lakini historia ya kweli haituruhusu kukaa karibu na jiko tu. Tuulize kinywaji kilichomiminwa kilitoka wapi.

Kilikuwa hasa ramu. Ramu hutengenezwa kwa shira nzito inayobaki baada ya kusafisha sukari ya miwa. Shira hiyo ilitoka visiwa vya Karibi na mashamba ya Amerika ya Kusini, ambako miwa ililimwa na kukatwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Majahazi ya Massachusetts yaliipata kwa kubadilishana na samaki wa chumvi. Na samaki waliopelekwa huko kwa wingi walikuwa wa daraja la chini kabisa, waliovunjika au kutiwa chumvi vibaya, ambao wanunuzi wa Ulaya waliwakataa. Chakula hicho kilinunuliwa kwa ajili ya watumwa. Sehemu ya ramu iliyotengenezwa New England ilivuka bahari hadi pwani za Afrika, ikatumiwa kununua watu wengine.

Gloucester ilikuwa na biashara yake maalumu ya namna hii. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, meli zake zilipeleka samaki wa chumvi Surinam, koloni la Waholanzi lililojaa mashamba ya miwa na kahawa, zikarudi na shira na sukari. Familia kadhaa za wafanyabiashara wa mji zilitajirika kwa njia hiyo. Sasa, ndugu vijana, kumbukeni kwamba watumwa wengi wa Surinam walitolewa pwani ya Loango, kaskazini ya mlango wa mto wetu mkuu. Ni watu wa Bonde la Kongo, wao na watoto wao, waliokula samaki yule mbovu baada ya kazi ya jua kali, ili mvuvi wa mbali apate kikombe cha kumpasha mwili joto.

Sisemi hivyo ili kumhukumu mvuvi aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Yamkini hakujua, wala hakuna aliyemweleza. Lakini anayekumbuka hana budi kujua zaidi ya aliyeishi. Mezani pale palikuwa na watu wasioonekana, nao ni jamaa zetu. Kumbukumbu inayowasahau ina joto, lakini haina haki.

Wanawake wenye vishoka

Kulikuwa na wengine wasioonekana, tena karibu zaidi: wake, akina mama na watoto. Kwao jiko la kilabu liliwaka kwa kuni za nyumbani.

Kando ya Gloucester kuna mji mdogo wa Rockport, uliokuwa sehemu yake hadi walipotengana mwaka 1840. Wavuvi wa huko hawakuweza kutoka baharini katika miezi ya dhoruba kali. Walikaa bure kwa majuma mengi, na wengi wakayapitisha majuma hayo wakinywa ramu kwa mkopo. Mwaka ulipoanza tena, fungu la kwanza la samaki lilikwisha kuliwa na deni. Wanawake waliomba, wakanung'unika, wakalalamika kwa wakuu wa mji. Maduka yaliyouza kinyume cha sheria yakaendelea kuuza.

Ndipo tarehe 8 Julai 1856, asubuhi, kundi la wanawake kama 200 lilipokusanyika likiongozwa na Hannah Jumper, mwanamke wa miaka 75, ambaye hakuwa tajiri wala mkubwa wa cheo. Alikuwa mshonaji wa nguo, tena mjuzi wa mitishamba ambaye watu walimwendea walipougua. Chini ya mashali yao walificha vishoka. Walikwenda nyumba kwa nyumba mahali pombe ilipouzwa, wakayatoa mapipa barabarani na kuyapasua. Kwa saa nyingi ramu ilitiririka katika mifereji ya mji. Muuzaji mmoja aliwashtaki mahakamani, akashindwa. Rockport ikawa mji usiouza pombe kwa karibu muda wote wa karne moja na nusu iliyofuata: ni mwaka 2005 tu ambapo wapiga kura walikubali mikahawa iuze kinywaji pamoja na chakula.

Tunaweza kubishana kuhusu vishoka. Mali ya mtu ilivunjwa, na hasira hata ya haki ina hatari yake. Lakini hatuwezi kupuuza kilichowasukuma. Hannah Jumper alizijua nyumba zile kutoka ndani. Mshonaji hujua nani amekuja na nguo ya mtoto iliyotiwa kiraka mara ya nne, na mganga wa mitishamba hujua ni jeraha la aina gani lisilosababishwa na kuanguka ngazini. Wakati mumewe akisema kwamba kilabuni kila mtu anamjua, mke aliweza kujibu kwamba nyumbani watoto wameanza kutomjua.

Kwa hiyo tunazo shuhuda mbili juu ya chumba kilekile, na zote mbili ni za kweli. Mwanahistoria mwaminifu hachagui moja na kuificha nyingine.

Mikono iliyoganda

Mtu mmoja aliishi shuhuda hizo zote mbili katika maisha yake. Jina lake ni Howard Blackburn, mzaliwa wa Nova Scotia mwaka 1859.

Mwezi Januari 1883, Blackburn na mwenzake Tom Welch walikuwa katika mashua yao ndogo nje ya pwani ya kusini ya Newfoundland, dhoruba ya theluji ilipowatenga na jahazi lao. Wakitoa maji yaliyokuwa yakiijaza mashua, Blackburn alipoteza glavu zake. Aliona vidole vyake vikianza kuganda. Akafahamu kwamba mikono ikiganda ikiwa wazi haitafaa kitu tena. Basi akaikunja kuzunguka mipini ya makasia, akaiacha igande katika umbo hilo, ili aweze kuendelea kupiga makasia. Welch alikufa kwa baridi. Blackburn hakumtupa mwenzake baharini. Alipiga makasia akiwa na maiti yake kwa siku tano, bila chakula wala maji, hadi alipofika nchi kavu, katika mlango wa mto mdogo. Familia moja maskini mno ilimpokea na kumuuguza kwa majuma mengi kwa kidogo ilichokuwa nacho. Alipoteza vidole vyake vyote vya mikono, sehemu ya vidole gumba, na vidole kadhaa vya miguu.

Aliporudi Gloucester hakuweza tena kuvua. Watu wa mji wakamchangia dola 500, naye akafungua duka la tumbaku, kisha kilabu, mwaka 1886. Kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa kituo cha wavuvi kwenye barabara kuu. Walikuja kumwona mtu aliyeweza kushika kikombe kati ya viganja viwili visivyo na vidole na kukunywa kama wengine. Wapo waliokuja kwa udadisi, wapo waliokuja kwa kiu, na wapo waliokuja kwa sababu walijua kwamba mwenye kilabu hicho asingewacheka kwa kuogopa bahari. Alijulikana pia kwa ukarimu wake kwa wahitaji. Naye hakukaa nyuma ya kaunta tu: mwaka 1899 alivuka Atlantiki peke yake katika mashua ya tanga, akafika Gloucester ya Uingereza baada ya siku 62, na mwaka 1901 akavuka tena hadi Lisbon kwa siku 39. Alifariki mwaka 1932.

Hata hivyo, Blackburn alikuwa muuza pombe katika mji ambao kila mwaka uligawanyika kuhusu pombe. Tangu mwaka 1881, sheria ya Massachusetts iliupa kila mji haki ya kupiga kura kila mwaka kuamua kama leseni zitolewe au la. Mwaka mmoja upande huu ulishinda, mwaka mwingine upande ule. Wakati huohuo watu wa Kanisa na wafadhili walifungua kwa ajili ya wavuvi nyumba yenye chumba cha kusomea, magazeti na moto wa kuota, bila pombe. Walikuwa wametambua jambo la maana: haitoshi kumwambia mtu asiende mahali fulani, kama humwonyeshi mahali pengine penye joto.

Kutoka marufuku hadi kimya

Tarehe 17 Januari 1920 marufuku ya pombe ilianza kutumika katika Marekani yote. Vilabu vikafungwa, au vikaendelea kwa mlango wa nyuma. Meli zilizojaa pombe zilitia nanga nje ya mipaka ya maji ya nchi, na mashua za wavuvi, zilizojua kila mwamba wa pwani, zikageuka usiku kuwa mashua za magendo. Moja ya majahazi mashuhuri ya magendo, lililoendeshwa na Bill McCoy, lilikuwa kwanza jahazi la uvuvi la Gloucester liitwalo Arethusa. Kwa mvuvi ambaye bei ya samaki ilikuwa imeanguka, safari moja ya usiku ilikuwa kishawishi kikubwa. Marufuku iliondolewa tarehe 5 Desemba 1933, baada ya kudhihirika kwamba sheria iliweza kufunga mlango lakini haikuweza kumfunga mtu kiu.

Vilabu vilirudi, na kizazi kilichofuata ndicho ambacho wazee wa sasa wanakikumbuka. Injini zilikuwa zimechukua nafasi ya matanga, na nyavu za kukokota nafasi ya ndoana. Lakini hatari haikuondoka. Mwishoni mwa Oktoba 1991 mashua ya uvuvi iitwayo Andrea Gail ilipotea katika dhoruba kubwa pamoja na watu wake sita. Ndugu na marafiki zao walikusanyika katika kilabu kiitwacho Crow's Nest, chenye vyumba vya wavuvi ghorofani, wakingoja simu ambayo haikulia. Mama wa mmoja wa waliopotea alikuwa akihudumu humohumo, nyuma ya kaunta. Habari hiyo ilijulikana duniani kote kwa kitabu cha Sebastian Junger cha mwaka 1997 na filamu iliyofuata mwaka 2000. Watalii wakaanza kuja kupiga picha za mlango.

Kilichovimaliza vilabu vingi hakikuwa vishoka wala sheria ya pombe. Kilikuwa kuisha kwa samaki. Katika miaka ya 1960 na 1970 meli kubwa za viwanda kutoka nchi za nje zilivua mchana na usiku karibu na pwani. Wake za wavuvi wa Gloucester waliunda chama chao mwaka 1969 na wakawa miongoni mwa waliopaza sauti hadi sheria ya mwaka 1976 ilipoifanya bahari ya maili 200 kutoka pwani kuwa chini ya mamlaka ya Marekani. Ushindi huo ulifuatwa na kosa. Meli za wenyeji nazo ziliongezeka kupita kiasi, zikamaliza zilichokuwa zimekiokoa. Mwaka 1994 sehemu kubwa za Georges Bank zilifungwa kwa uvuvi. Mwaka 2013 kiasi kilichoruhusiwa cha samaki yule wa makayabu katika maji ya karibu kilipunguzwa kwa zaidi ya robo tatu. Wavuvi walipungua, na vyumba vilivyowapokea vikageuka mikahawa ya wageni au vikafungwa kabisa. Wakati huo pia madawa ya kulevya yaliwaingia vijana wengi wa mji. Mwaka 2015 polisi wa Gloucester walitangaza kwamba mraibu yeyote atakayefika kituoni kuomba msaada hatakamatwa, bali atapelekwa kutibiwa. Mji ulikuwa ukitafuta tena, kwa njia mpya, mlango wa kumfungulia aliyetoka dhorubani.

Mama mwenye jahazi mkononi

Juu ya kilima walichokaa Wareno wa Azores kuna kanisa la Bikira Maria wa Safari Njema. Kanisa la kwanza liliungua mwaka 1914, nao waumini, wavuvi na familia zao, wakalijenga upya upesi. Kati ya minara yake miwili amesimama Mama Maria akitazama bandari. Katika mkono wake wa kushoto hajabeba Mtoto, amebeba jahazi. Wavuvi waliokuwa wakiingia bandarini waliliona kanisa lile juu ya paa za nyumba na kujua kwamba wamefika.

Waazores walileta pia sherehe ya taji la Roho Mtakatifu, ambamo mkate hugawiwa watu. Wasisilia, kwa upande wao, wameadhimisha tangu mwaka 1927 sikukuu ya Mtakatifu Petro mwishoni mwa Juni. Sanamu ya mtume mvuvi hubebwa barabarani, mashua hubarikiwa, na vijana hushindana kutembea juu ya mlingoti uliopakwa mafuta, ulionyoshwa juu ya maji, hadi mmoja anyakue bendera iliyo nchani. Wengine wote huanguka baharini huku umati ukicheka. Katika siku hizo mji huwa na kile ambacho wazee wanakitafuta katika kumbukumbu za vilabu: kila mtu yuko nje, kila mtu anaitwa kwa jina, na waliokufa baharini wanatajwa pamoja na walio hai. Tofauti ni kwamba wake na watoto wako mezani pia.

Hapo, nadhani, tunapata jibu la swali la mwanzo. Wanaoomboleza vilabu vya zamani wanaomboleza mahali palipokuwa na mtu wa kuuliza: "Fulani amerudi?" Hamu hiyo ni njema, na tusiidharau kwa kuwa ilikaa karibu na chupa. Ubaya wa kilabu ulikuwa kwamba kilimpokea mvuvi kwa gharama ya watu ambao hawakuwa chumbani: mke wa Rockport aliyeongeza kiraka juu ya kiraka, na mtumwa wa Surinam aliyelishwa samaki aliyekataliwa. Makaribisho ya kweli hupimwa kwa kuwatazama wale walioachwa nje yakilipwa na jasho lao.

Nasi tuna wavuvi wetu, Tanganyika na Kivu, Mweru na Lualaba. Tuna vijana waliotoka machimboni, sokoni na barabarani jioni wakiwa na fedha kidogo mfukoni na chumba cha baridi. Kuwakemea wasiende nganda ni rahisi. Wale wa Gloucester waliofungua chumba cha kusomea chenye moto walifanya kazi ngumu zaidi, na wanawake waliounda chama chao mwaka 1969 walifanya kazi ngumu kuliko hiyo. Vikundi vyetu vya vijana vinaweza kuanza kwa jambo dogo tu: jioni moja kwa juma, mlango ulio wazi, taa, chai, na mtu mmoja mwenye jukumu la kugeuza shingo kila mlango unapofunguliwa.

Kwa tafakari ya kikundi

Waulizeni wazee wa mtaa wenu: kabla ya nganda za leo, watu walikutana wapi jioni, na ni nani hakuruhusiwa kuketi hapo?

Katika furaha zetu za pamoja, ni nani anayelipa bila kuwapo mezani?

Kijana asipoonekana katika kikundi chetu kwa majuma matatu, ni nani hugundua, na hufanya nini?